Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga deki ya Commander kwa meza ya watu wanne

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu mpya akikaa mezani, na mengine yanatoka kwa watu waliocheza muda mrefu ila walizoea mechi za mtu na mtu. Yote yanahusu Commander, ule mtindo wa Magic: The Gathering unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Majina ya kadi nimeyaacha kama yalivyochapishwa ili uweze kuyatafuta.

Kwa kifupi, Commander inachezwaje?

Magic yenyewe ilitoka 1993, aliyeibuni ni Richard Garfield, na mechi ya kawaida ni watu wawili, kila mtu na deki ya kadi 60 na uhai 20. Commander ilianzia kwa mashabiki wenyewe, zamani ikiitwa Elder Dragon Highlander kwasababu ya yale majoka matano ya toleo la Legends la 1994, na Wizards of the Coast wakaja kutoa deki zake zilizopangwa tayari mwaka 2011. Deki ni kadi 100 ukihesabu na kamanda wako, yule kiumbe anayeongoza deki, hakuna kadi inayojirudia isipokuwa ardhi za kawaida (ardhi ni kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine), kila mtu anaanza na uhai 40, na rangi za kadi zote lazima ziwe ndani ya rangi za kamanda. Kamanda anakaa pembeni, unamcheza kwenye zamu yako mana ikitosha, akiuawa anarudi pembeni na kumcheza tena kunaongezeka mana 2, akifa tena zinaongezeka 2 nyingine. Ukipigwa 21 na kamanda mmoja kwenye mapambano unatoka, hata kama umebaki na uhai 60.

Deki yangu inapiga haraka na kwenye mechi za wawili inashinda sana, mbona kwenye Commander inaishiwa pumzi?

Piga hesabu tu. Kule ulikuwa unatafuta 20, hapa kuna watu watatu wenye 40 kila mmoja, jumla 120. Lightning Bolt inatoa 3, na wala huwezi kubeba nne za aina hiyo, ni moja tu. Kwa hiyo unampiga mtu mmoja mpaka anabaki 15, mkono wako umeisha, na wale wawili wengine wamekaa wanajenga meza zao bila kuguswa, alafu yule uliyempiga ana kinyongo na wewe mpaka mechi iishe.

Sio kwamba deki ya kushambulia haifai, inafaa, ila ipigane kwa namna nyingine, iwe inaumiza wote kwa mpigo mmoja. Angalia maandishi ya kadi, yakisema "kila mpinzani" hiyo ni kadi ya meza ya wanne, yakisema "mpinzani mmoja" jiulize mara mbili. Purphoros, God of the Forge anatoa 2 kwa kila mpinzani kila kiumbe mwingine anapoingia upande wako, yaani ukileta tokeni kumi (viumbe wanaotengenezwa na kadi nyingine) kila mtu amepoteza 20 na hujashambulia hata mara moja. Zulaport Cutthroat anafanya kitu kinachofanana viumbe wako wanapokufa. Gray Merchant of Asphodel, Exsanguinate, zote ziko kwenye familia hiyo, na hizo mbili zinakurudishia uhai waliopoteza wote watatu.

Na kuzuia kila kitu je? Mimi napenda deki ya kukatalia watu.

Hapa pia hesabu inakugomea. Ukitumia Counterspell kwenye kadi ya mtu, wewe umepoteza kadi moja na yeye moja, sawa, ila wale wawili wengine hawajapoteza chochote na wamefurahi sana umewafanyia kazi bure. Ukifanya hivo mara tano umemaliza mkono wako na meza nzima imebaki mbele yako. Kwenye mechi ya wawili kubadilishana moja kwa moja ni biashara nzuri, kwenye meza ya wanne ni hasara inayogawanywa kwenu wawili tu.

Kwa hiyo kadi za kuzuia beba chache na zihifadhi kwa kitu kinachomaliza mechi au kinachokuua wewe. Joka kubwa linaloelekea kwa jirani liache lipite. Ni ngumu mwanzoni, mtu anaona kitu kikubwa mkono unamwasha, lakini swali sio kama kadi ni kali, swali ni kali kwa nani.

Kinacholipa zaidi ni kadi moja inayogusa wote watatu. Syphon Mind inafanya kila mchezaji mwingine atupe kadi na wewe unavuta kadi kwa kila iliyotupwa, umetoa moja umepata tatu. Cyclonic Rift ukiilipia mana 7 inarudisha mkononi vitu vyote visivyo ardhi ambavyo sio vyako. Rhystic Study inauliza watu mana 1 kila wanapocheza kadi, wasipolipa unavuta, na watu watatu hawawezi kulipa siku zote.

Niweke ardhi ngapi? Naona wengine wanaweka 30.

Usiwaige. 36 hadi 38 ndo sehemu salama kwa deki nyingi. Ukiwa na 37 kati ya zile kadi 99, mkono wa kadi saba unakuletea ardhi kama 2.6 kwa wastani, yaani mbili au tatu, na hicho ndo unachotaka. Ukishuka 30 wastani unakuwa 2.1, na kuna mechi nyingi utakaa na ardhi mbili ukiangalia wenzio wanacheza kwa lisaa lizima. Mechi ya wanne ni ndefu, kukwama hapa kunauma kuliko kwenye mechi ya wawili ambapo unapoteza haraka mnaanza upya.

Alafu kumbuka kwenye meza ya wanne unaruhusiwa kurudisha mkono wa kwanza bure, unachanganya unavuta saba tena bila adhabu, na hata anayeanza anavuta kadi zamu yake ya kwanza. Tumia hiyo nafasi. Mkono wa ardhi moja na kadi sita nzuri sio mkono mzuri, urudishe.

Na zile kadi za kuongeza mana, za kuvuta, za kuua? Kuna mgawanyo?

Hakuna sheria, ila kuna mgawanyo ambao watu wengi wanaanzia: kama 10 za kuongeza mana, 10 za kuvuta kadi, 8 hivi za kuondoa kitu kimoja, na 3 za kufagia meza, yaani kuua viumbe wote kwa mpigo. Ukijumlisha na ardhi 37 umeshafika 68, zinabaki 31 za kile deki yako inachofanya. Watu wakiona 31 wanashtuka, wanataka kuweka majoka 50. Kamanda wako ndo kadi unayoiona kila mechi, kwa hiyo mpango wenyewe tayari uko pembeni unakusubiri, zile nyingine kazi yake ni kukufikisha.

Kwanini 10? Ukiwa na kadi 10 za aina moja kati ya 99, mpaka zamu yako ya tatu umeshaona kadi 10, na uwezekano wa kupata angalau moja ya aina hiyo ni kama asilimia 67. Ukiweka 5 uwezekano unashuka mpaka karibu asilimia 42. Kadi moja pekee ni asilimia 10 tu, ndo maana mtu anayesema "deki yangu inashinda nikipata kadi fulani" hana mpango, ana bahati nasibu.

Za kuongeza mana anza na Sol Ring na Arcane Signet, ukiwa na kijani weka Cultivate na Rampant Growth. Nadhani za mana 2 ndo bora kuliko zote, kwasababu zamu ya pili kwa kawaida huna cha maana cha kufanya, na zamu ya tatu unakuwa na mana 4 wakati wenzio wana 3. Za mana 4 na kuendelea ziache, ukifika pale unatakiwa uwe unacheza mchezo wako, sio kujiandaa.

Kadi gani za kuua ni nzuri kwenye meza ya wengi?

Za bei ndogo na zinazotumika zamu ya mtu mwingine. Swords to Plowshares ni mana 1, kiumbe anaondoka kabisa, mwenyewe anapata uhai kiasi cha nguvu zake, na kwenye meza ya uhai 40 nani anajali. Beast Within na Chaos Warp zinashughulika na chochote kile, sio viumbe tu, na hilo ni muhimu kwasababu kwenye Commander kinachokuua mara nyingi sio kiumbe, ni ile kadi inayokaa mezani kimya kimya inazalisha.

Weka pia angalau moja ya kufuta makaburi, yale marundo ya kadi zilizotumika au kufa. Watu wanasahau sana hii. Bojuka Bog ni ardhi tu, haikuchukulii nafasi yoyote, ikiingia inafuta kaburi la mchezaji mmoja. Deki za kufufua ziko nyingi na zikikukuta mikono mitupu hakuna namna.

Nifagie meza lini?

Sio ukiona umezidiwa kidogo tu. Fagia ukiwa na kitu cha kufanya baada ya hapo, au ukiwa unakufa zamu inayofuata. Kufagia bila mpango kunarefusha mechi tu, kila mtu anarudi mwanzo na wewe pia, na aliyeshika kadi nyingi mkononi ndo anayefaidika, sasa angalia mikono ya watu kabla hujatupa hiyo kadi. Ukiona mmoja ana kadi saba na wengine wana moja moja, ukifagia umempa yeye mechi.

Wrath of God ni mana 4, ya kawaida, inatosha. Blasphemous Act inaandikwa mana 9 ila inapungua 1 kwa kila kiumbe aliyepo mezani, na meza ya wanne ikiwa imejaa mara nyingi unailipia mana 1 tu. Hiyo ni mojawapo ya kadi ambazo kwenye mechi ya wawili zinaonekana ovyo na hapa zinang'aa.

Upande wa pili, wewe mwenyewe usimwage mkono wote mezani. Kati ya zamu yako na nyingine kuna watu watatu wanacheza, kila mmoja anaweza akafagia. Ukiwa na viumbe watatu wanaotosha, wa nne na wa tano wabaki mkononi.

Mbona kila mara ndo mimi napigwa wa kwanza?

Kwasababu unaonekana. Hii ndo sehemu ambayo watu hawaipangi kwenye deki na inatakiwa ipangwe. Meza ya watu wanne ina macho sita yanayokuangalia na kila mtu anatafuta nani wa hatari, ukitoa Sol Ring zamu ya kwanza alafu kamanda mkubwa zamu ya tatu umejitangaza, wote watatu wanakugeukia na deki yoyote ile haiwezi kupigana na deki tatu.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanga deki isiyoonekana mpaka mwisho, inakua taratibu, ina kadi za kuvuta na za ulinzi, alafu zamu moja inaruka kutoka wa tatu mpaka mshindi. Craterhoof Behemoth kwenye deki ya tokeni ni mfano mzuri, tokeni ndogo kumi hakuna anayezihofia, zamu inayofuata zote ni kubwa na zinapita juu ya walinzi. Ya pili ni kuonekana lakini ukiwa ghali kupigwa. Propaganda na Ghostly Prison zinamlazimisha mtu alipe mana 2 kwa kila kiumbe anayekushambulia, hazimkatazi, ila jirani yako hana malipo, kwa hiyo anapigwa yeye. Binadamu ni mvivu.

Kuna na ile ya kuwachochea wapigane wenyewe. Disrupt Decorum inalazimisha viumbe wote wasio wako washambulie mtu asiyekuwa wewe mpaka zamu yako irudi, raha yake ukikaa unaangalia. Ufalme nao, ule wa monarch, mwenye taji anavuta kadi ya ziada mwisho wa zamu yake, na anayempiga kwa kiumbe analichukua. Ukilileta hilo taji mezani watu wanaacha kujenga wanaanza kupigana, tatizo ukilileta bila walinzi umelileta kwa ajili ya wenzio.

Makubaliano na wapinzani yanaruhusiwa? Tukisema tusipigane zamu mbili?

Yanaruhusiwa ila hakuna sheria ya mchezo inayomlazimisha mtu kutimiza. Fanya ya muda mfupi na yenye kitu cha kuona, mfano "usinipige zamu hii, mimi naondoa ile kadi yake". Ya muda mrefu yanavunjika na watu wanagombana. Na ukivunja wewe jua kundi lako lile lile litakumbuka wiki ijayo.

Deki ya kamanda mmoja mkubwa mwenye silaha inalipa?

Inalipa ukijua shida zake. Uzuri wake ni ile 21, huhitaji kumaliza 40. Ubaya unaua mmoja mmoja, na ukishamtoa wa kwanza wale wawili wanajua ni zamu yao. Weka Lightning Greaves na Swiftfoot Boots, sio kwa ajili ya ulinzi tu, kubwa zaidi ni kwamba kamanda anashambulia zamu ile ile aliyoingia. Na bei yake iwe ndogo, kamanda wa mana 3 akifa mara mbili unamlipia 7, bado inawezekana, kamanda wa 6 akifa mara mbili ni 10 na mechi imeshaenda.

Nani wa kuanza naye? Yule anayeweza kukufagia, sio yule dhaifu. Dhaifu atakusubiri.

Sumu, alama ambazo viumbe fulani wanakupa wakikupiga, nayo inaingia humu humu, alama 10 zinamtoa mtu hata kwenye Commander yenye uhai 40, ila ukitoa alama ya kwanza tu kwa mtu meza nzima inakugeukia, jiandae.

Kombo zisizoisha, yaani kadi zinazochocheana bila mwisho, ni ubaya?

Inategemea mmekubaliana nini. Exquisite Blood na Sanguine Bond zikiwa pamoja mezani, uhai ukiongezeka hata 1 mechi inaisha, kila kadi inachochea nyingine mpaka wapinzani wote wamefika sifuri. Mimi binafsi naona mechi ya masaa mawili inahitaji mtu wa kuimaliza, deki isiyo na namna ya kumaliza ni kero kuliko kombo. Lakini zamu ya nne kwenye meza ya watu waliokuja na deki za kununua tayari, hapana, huko sio kushinda, ni kuwaharibia watu jioni.

Ndo maana mwaka 2025 Wizards walileta ngazi tano za nguvu za deki, kutoka ya 1 ya kujifurahisha mpaka ya 5 ya ushindani mkali kabisa. Kuna orodha ya kadi zinazobadilisha mechi, kina Rhystic Study, Smothering Tithe na Cyclonic Rift wako humo, ngazi ya 1 na 2 hazibebi hata moja, ya 3 mwisho tatu, ya 4 na 5 ni ruksa. Kombo za kadi mbili nazo hazitakiwi kwenye 1 na 2. Kabla hamjakaa semeni ngazi, na useme ukweli, mtu anayesema "deki yangu ni ya kawaida tu" alafu anashinda zamu ya tano anajulikana haraka.

Nimesikia kadi kadhaa zilipigwa marufuku, zipi?

Kubwa ni ile ya Septemba 2024, Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom ziliondolewa kwa pamoja, ikazuka kelele kubwa mpaka usimamizi wa Commander ukahamia kwa Wizards wenyewe mwezi huo huo. Sol Ring bado ipo. Orodha inabadilika, iangalie kabla hujanunua kadi ya bei mbaya.

Mchezaji akitolewa, kadi zake zinaenda wapi?

Zinaondoka zote pamoja naye, hata zile ulizomwibia wewe. Hii inauma deki za wizi, unakuta umejenga jeshi lote kwa viumbe wa mtu mmoja, jirani anamuua yule mtu na jeshi lako linayeyuka. Kwa hiyo ukicheza deki ya kuiba, iba kwa wote watatu, na yule uliyemwibia sana mlinde. Ndiyo, mlinde, kuna mechi utajikuta unatumia kadi zako kumwokoa mpinzani na ni uamuzi sahihi kabisa. Kadi zako alizokuwa amezichukua yeye zinarudi kwako.

Nimenunua deki iliyopangwa tayari, nianze kubadilisha wapi?

Icheze kwanza kama ilivyo mara kadhaa, uone inakwama wapi. Alafu badilisha kadi kumi tu, sio hamsini, ukibadilisha hamsini hutajua ipi imesaidia. Za kutoa kwanza ni zile ghali zinazoingia na hazifanyi kitu mpaka zamu irudi, zina watu watatu wa kuziua kabla hazijakusaidia. Za pili ni zile za kundi lingine, hizi deki mara nyingi zinabeba mipango miwili kwa pamoja, chagua mmoja. Ulizoingiza mahali pake ziwe za kuvuta kadi na za kuongeza mana za bei ya 2, na ardhi zinazoingia zikiwa zimelala (hazitumiki zamu hiyo) punguza ukiweza. Idadi ya ardhi usiiguse.